Fotei za Mianzi za Harusi

Mbao zilipokosekana Bunia, nilikuwa nimekwisha kupokea kazi ya mama mmoja wa Mahagi: fotei nne, vile viti vya kuegemea vya sebuleni, na meza, zawadi ya binti yake siku ya ndoa. Nilizoea libuyu, ile mbao nyekundu ya porini. Lakini malori hayakufika, na wapasuaji wa mbao wakatuambia miti mikubwa sasa iko mbali sana.

Mke wangu, mzaliwa wa Butembo, alinikuta nimekaa tu mlangoni mwa atelie yetu, karakana ya useremala mtaani Nyakasanza.

"Kwetu baba alikuwa anatengeneza viti na mianzi," akasema. "Unaikata, kisha inaota tena. Sababu gani unalilia libuyu?"

Nikajaribu. Kiti cha kwanza nilikikalia kwa majivuno, lakini haukupita muda unga mweupe ukaanza kudondoka chini yake. Wadudu walikuwa wanakula ndani. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo.

"Weye uliharakisha! Mianzi inalala kwanza ndani ya maji, kisha unaikausha juu ya moshi."

Tukaanza upya. Tuliilaza mianzi kijitoni, tukaikausha juu ya meko mpaka ikawa rangi ya asali. Mimi niliunga miguu. Yeye alisuka migongo kwa kamba za maganda ya mgomba.

Mama wa Mahagi alipokuja, alizunguka fotei bila kuzigusa.

"Baba, niliomba fotei ya salon. Hii iko kitu ya jikoni."

"Mama, mbao hakuna. Kaa kwanza. Ukikataa, tutabaki nayo siye."

Akakaa shingo upande. Akaegemea. Baada ya kitambo akavua viatu.

"Mugongo yangu inasikia muzuri," akasema polepole. "Lakini mutoto wangu iko murefu. Ongeza miguu kidogo."

Siku ya harusi fotei, sasa zenye miguu mirefu zaidi, zilikwenda na meza yake mtaa wa Mudzipela kwenye sherehe, juu ya pikipiki, na wasichana wakazishusha kwa mkono mmoja wakicheka. Nyanya wa bwana harusi aliikalia moja, akagoma kuinuka hata wakati wa kupiga picha.

Sasa nyuma ya nyumba tumepanda mianzi yetu wenyewe. Asubuhi mimi na mke wangu tunakunywa chai kati ya vipande vya mianzi iliyokatwa na kubishana juu ya migongo ya fotei: yeye anataka ilale, mimi nataka isimame. Wateja wengi wanakubaliana naye.