Safari ya Jino la Mwikali

Nilimng'oa dada yangu Mwikali jino siku moja kabla ya safari. Si kwa mkono wangu; nilimpeleka kwa daktari wa meno Machakos mjini, nikijisifu njia nzima. Nilisoma hadi kidato cha nne, biolojia nikapita, kwa hivyo nilijua mtu hawezi kwenda kutibiwa huku jino linamsumbua.

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kushika hadi kwetu Kola. Saratani ya ovari ya Mwikali ilikuwa imerudi, tumbo limejaa maji. Nairobi kulikuwa na dawa mpya, na mtu wa kumsindikiza nilikuwa mimi, ambaye kulala nje ya boma langu huniumiza mgongo.

Jioni tulifika kwa binamu yetu Ndinda, Nairobi. Nilikuwa nimebeba muthokoi, mahindi makavu yaliyokobolewa, kama zawadi.

"Kyalo, umemng'oa mgonjwa jino, halafu unamletea muthokoi atafune?" Ndinda akauliza, akabandika uji.

Asubuhi, hospitalini, daktari aliona shavu limevimba. "Hili jino lilitoka lini?"

"Muulize huyu," Mwikali akasema. "Ndiye mwenye masomo."

Daktari alitueleza polepole. Uvimbe wa saratani ukitaka kukua huotesha mishipa yake ya damu, kama jirani anayechimba mfereji kuvuta maji ya shamba lako. Dawa hii huzuia mishipa hiyo isiote, uvimbe ukose chakula. "Lakini kidonda cha jino nacho hupona kwa kuotesha mishipa. Nikikupa leo, kitakataa kufunga, na unaweza kuvuja damu. Rudini kikipona."

Tukarudi Kola mikono mitupu. Usiku ule tumbo lake lilikuwa linamnyima pumzi, na sababu ya kungoja ilikuwa mimi.

Wiki kadhaa baadaye fizi ilifunga, tukarudi Nairobi, akatundikiwa dawa hiyo kwa dripu pamoja na zile za kawaida za saratani. Kufikia safari ya tatu maji yalikuwa yamepungua. Rinda lake la kanisani likafunga vifungo vyote. Hakuwa amepona, daktari alituambia wazi, lakini alikuwa anapanda ngazi za matuta shambani bila kusimama.

Nilijifunza kuuliza kabla ya kusaidia. Au niseme, karibu nijifunze, maana siku moja Mwikali alilalamika kucha ya mguu imeingia nyamani, nikatoka ndani na wembe mpya. Jirani yetu, Mama Nduku, alikuwa hapo anachambua maharagwe.

"Uvimbe umepata dawa ya kuuzuia," akasema. "Wewe Kyalo tutakuzuia na nini?"