Kamusi ya Maadui wa Silawathi

Harufu ya majani ya mchuzi yakitupwa kwenye mafuta ya nazi yanayochemka hunifanya nikae wima, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahakamani. Ni harufu ya jiko la nje la nyumba moja kubwa ya Mirdif, Dubai, miaka ya themanini. Mama yangu alikuwa mpishi pale, baba dereva, na mimi, msichana wa miaka kumi, nilijipa cheo cha mkaguzi wa masufuria. Ndege za uwanja wa jirani zilipita juu ya paa kila baada ya dakika chache, na sote tulikuwa na tabia ya kukata sentensi katikati, kungoja ndege ipite, kisha kuendelea palepale tulipoishia. Mpaka leo mume wangu hulalamika kwamba nazungumza kama redio mbovu.

Aliyefanya kazi ndani ya nyumba alikuwa Silawathi, kutoka vilima vya Sri Lanka. Nilimwita akka, yaani dada, kwa sababu alinifundisha kwamba kwao mtoto mwenye adabu hamwiti mkubwa wake kwa jina tupu. Kiingereza hakukijua, na Kiarabu chake kilikuwa cha kupokea amri tu: yalla, khalas, basi. Lakini Kiswahili alikijua, kwa kuwa mama alikataa katakata kujifunza lugha nyingine ndani ya jiko lake. Mama alikuwa mtu wa Unguja, na aliamini kwamba akiwa na subira ya kutosha, dunia nzima itajifunza Kiunguja yenyewe. Kwa Silawathi alifaulu. Baada ya miaka miwili yule mwanamke wa vilimani alikuwa akimkaripia muuza samaki kwa lafudhi ambayo ingempatia mchumba Malindi ya Unguja.

Majira ya baridi ya mwaka ule ndipo alipokuja mgeni wa sir, kama tulivyomwita mwenye nyumba; mgeni huyo alikuwa mtaalamu wa lugha. Nitamwita Profesa tu, kwani jina lake limeshaandikwa mahali pa kutosha. Alikuwa akikusanya maneno ya Kisinhala cha vijijini ambayo watu wa mjini kwao hawayajui: majani ya porini, wadudu wa mashamba ya mpunga, magonjwa ya ng'ombe, zana za zamani. Madam, mke wa sir, alimwambia kwamba mtu wa vilimani yuko jikoni, anaosha vyombo. Hivyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliweka kinasa sauti chake juu ya meza ya unga na kuanza kuuliza. Aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri kwa Kiswahili, Silawathi akatamka neno la kwao na kulieleza kwa Kiswahili, nami nikamrudishia Profesa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, utafiti mzito wa lugha ya Kisinhala ulipita wote ndani ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akipata alama mbaya za imla. Nilijiona waziri.

Tuligundua haraka jinsi alivyofanya kazi. Neno la kawaida alilinasa mara moja na kupita. Lakini jambo lililomgusa alilirudisha: "Mwambie aseme tena. Polepole." Kisha tena, mara ya tatu, amefumba macho kama mtu anayeonja supu. Sisi jikoni tukaelewa kwamba mara tatu ndiyo alama ya uzito. Kosa hilo lilikuwa letu, ingawa sijui nani mahali petu asingelifanya.

Mwezi wa pili habari zilimfikia Silawathi kwamba mama yake anaumwa sana. Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la sir, ambaye ndiye kafeel wake, yaani mdhamini wake kisheria, na sir alikuwa amekwisha kusema hakuna safari mpaka mkataba uishe. Ijumaa ile Silawathi alikausha mikono, akaniambia, "Mtoto, mwambie huyu rafiki wa sir. Amwombe sir anipe pasipoti yangu nikamwone mama. Nitarudi, wallahi nitarudi." Nikatafsiri neno kwa neno. Profesa akainua kichwa.

"Aseme kwa lugha yake," akasema.

Akasema. Profesa akasogeza kinasa sauti karibu. "Tena. Polepole." Akasema tena, machozi yakimlengalenga. "Mara ya mwisho." Akasema mara ya tatu.

"Vizuri sana," Profesa akasema, akaandika.

"Atamwambia sir?" nikamuuliza mwenyewe.

"Tutaona," akajibu, akafunga daftari.

Tulishangilia. Mara tatu! Mama akaanza kumtengea sambusa za nyama, zile zilizokuwa za wageni wa madam, na alipokuja akamwekea na ndimu pembeni. Profesa alikula sambusa saba kwa wiki nne. Siku ya Jumamosi moja barua ikafika, imeandikwa na kaka yake Silawathi: mama yao alikuwa amezikwa siku kumi na mbili zilizopita. Silawathi aliisoma amesimama, akaikunja, akaendelea kumenya vitunguu, na vitunguu vikamsitiri. Baba alipomuuliza sir kwa upole kama kuna mtu aliwahi kumfikishia ombi la yule dada, sir alishangaa kwa dhati. Hakuna aliyemwambia neno.

Ijumaa iliyofuata Profesa alionyesha picha ya mdudu anayekula mizizi ya mpunga. Silawathi akatamka neno nisilowahi kulisikia, akaeleza kwa utulivu tabia za mdudu huyo. Profesa alipotoka kwenda kunawa, mama akamuuliza Silawathi, "Hilo neno kweli, mwanangu?"

"Si neno, mama. Ni jina la utani la shemeji yangu. Aliuza shamba letu."

Mama akageuza chapati. "Na yule wakala aliyekudanganya kwamba utashona nguo hotelini?"

"Huyo nimemwekea ugonjwa wa kwato."

"Kwato ndogo," mama akasema. "Mpe kuhara damu."

Wiki sita zilizobaki tulifanya kazi ile kwa bidii ambayo sijawahi kuifikia tena katika maisha yangu ya kitaaluma. Silawathi alimaliza maadui wa kijiji chake, akaingia kwa maadui wa mama yake marehemu. Mimi niliruhusiwa mmoja: binamu yangu aliyeninyang'anya baiskeli ni aina ya kiroboto, ukurasa wa tisini na nne. Mengine Profesa aliyapenda kiasi cha kuyarudisha mara tatu. Hakumuuliza mtu mwingine yeyote wa vilimani. Angesumbuka kwa nini, na sambusa ziko hapa?

Silawathi alirudi kwao mkataba ulipoisha, mwaka mmoja baadaye. Mimi nilisoma isimu chuo kikuu, kwa sababu ambayo niliwaficha walimu wangu, na mwaka wa pili nikakikuta kitabu cha Profesa maktabani. Maneno yetu ya uongo yalikuwa arobaini na matatu, yote yamo, yamepigwa chapa safi. Nikacheka mpaka nikaonywa. Kisha nikafika sehemu ya sarufi, na pale, kama mfano wa ombi la heshima, nikakuta sentensi: mwombe bwana anipe pasipoti yangu nikamwone mama, nitarudi. Chini yake: msemaji, mwanamke, takriban miaka thelathini. Nikaacha kucheka. Niliamua nitangoja siku yake, na nikaona ni uamuzi wa kijasiri, ingawa ukweli ni kwamba sikuwa na la kufanya.

Ilipofika miaka hii ya elfu mbili na kumi na kitu, nikiwa mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili na ofisi ya tafsiri kule Airport Freezone, eneo huru la biashara kando ya uwanja wa ndege, kitabu kilifika mezani kwangu chenyewe. Kilikuwa kinaingizwa kwenye kompyuta, ili mashine zijifunze kutafsiri Kisinhala, na nilitakiwa kukithibitisha. Nilimpigia Silawathi kwa WhatsApp. Sasa ni bibi, ana wajukuu watano, na Kiunguja chake hakijachuja.

"Hajafa yule?" akauliza.

"Hajafa, akka. Amezeeka, anaheshimiwa."

"Na wakala wangu yumo?"

"Yumo. Kuhara damu."

Alicheka hadi simu ikakwaruza. Nikamuuliza nifanye nini. "Mwambie ya uongo yapo," akasema. "Usimwambie ni yapi. Akitaka kujua, aniulize mimi. Lakini aniite kwa jina langu."

Nikamwandikia Profesa barua ya adabu: maneno arobaini na matatu katika kitabu chako ni majina ya watu, na siwezi kukithibitisha. Alipanda ndege wiki ileile. Aliingia ofisini kwangu na fimbo, kitabu kimejaa vipande vya karatasi vya manjano kama kuku anayenyonyoka.

"Hili?" akaninyooshea ukurasa.

"Huenda."

"Na hili la mzizi?"

"Profesa, chai yako inapoa."

Nakiri sikuona huruma niliyokuwa nimejiandalia. Alisema ni kazi ya maisha yake. Alitaka namba ya yule mwanamke. Nikamwambia atapewa mara tu atakaponitajia jina la mwanamke huyo. Akafungua dibaji, ambamo aliwashukuru sir, madam, na hata kiyoyozi. Hakulikuta.

Zamani zile mtu mzima mwenye kalamu alikuwa kwangu kama mvua, hupangi naye. Siku hizi wadada wa Mirdif wana simu mfukoni na sheria inasema pasipoti ni yako, ingawa makabati bado yapo na nawafahamu wenye funguo. Mimi nimepata kiyoyozi changu mwenyewe na moyo ambao, nilidhani, ungekuwa umelainika kwa umri. Wenzangu wananiambia nisamehe, nilale vizuri. Nalala vizuri mno.

Mradi umesimama, ukingoja saini yangu. Profesa hupiga simu kila baada ya wiki mbili au tatu.

"Kamala?" aliniuliza juzi.

"Hapana."

"Nanda?"

"Hapana, Profesa."

"Basi nipe hata herufi ya kwanza."

Nikamwambia niko barabarani, naendesha gari, tuongee siku nyingine. Nilikuwa sebuleni, nimevua viatu, nakula embe.