Kamba ya Baba

Juzi dukani, hapa Scarborough, nilimwona mwanamume akipima koti la kike kwa mikono yake, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Mama alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na nyumba ilinukia vitunguu vya jirani. Baba alinyata na kamba, akampima kuanzia begani hadi kifundoni. Kule Tanga nilikuwa nimeona bibi akipimwa hivyo kabla ya kukatwa sanda. Sikujua kwamba walio hai nao hupimwa.

"Mama, usife!" nikalia.

Mama akashtuka. "Baba Zuhura, unanipima nini?"

"Gauni lako la Idi," baba akasema kwa haya. "Nilitaka usijue."

"Basi pima na kiuno, nimenenepa."

Akasimama, akanyoosha mikono. Lakini kiuno hakikupimika. Nilikuwa nimekikumbatia, na sikutaka kukiachia.