Gari la Maziwa la Weris

Mtu akiniuliza ni dereva gani hodari kuliko wote waliopita gereji yangu pale Garissa, simtaji mwanamume hata mmoja. Namtaja Weris, mjane, muuza maziwa ya ngamia. Wanaume wakinuna, shauri yao.

Marehemu mumewe alimwachia gari la dizeli la Kijapani lenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Weris alijifunza kuliendesha mwenyewe kwenye mchanga nje ya mji, akikwama na kujikwamua, watu wakimcheka mpaka wakachoka. Mwaka wa tisini na nane alikuwa akileta maziwa ya akina mama wa Sangailu hadi sokoni Garissa. Njia ni ndefu na jua la huko si la mchezo. Ukichelewa maziwa yanachacha, na wateja wake walitaka mabichi.

Basi gari likaanza kulegea. Halikutoa moshi wala kelele, lilijikokota tu kama punda aliyegoma, na taa ya injini inawaka, na maziwa yakawa yanafika sokoni yamechacha. Shemeji yake Hirsi, mdogo wa marehemu, akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta cha kuliuza. Akatangaza kwamba tabo imekufa na mnunuzi wa gari amekwisha kupatikana. Wazee wa ukoo wakampa Weris mpaka Ijumaa: maziwa yakifika yamechacha tena, gari linauzwa.

Alikuja kwangu amekaza uso.

"Fundi Komora, gari naenda bole bole. Wanataka kuuza. Wewe ambia mimi ukweli tu. Mimi hataki huruma."

"Abaayo," nikamwita dada kwa Kisomali, "huyo Hirsi alifungua boneti?"

"Hafungui. Anasema tu."

Damu ilinichemka. Mimi ni Mpokomo wa Hola, mpole kwa kila mtu, lakini sina subira na anayehukumu injini bila kuigusa.

Nilichomeka mpira mrefu kwenye njia ya hewa inayotoka kwenye tabo, nikaupitisha dirishani mpaka ndani ya gari, mwisho wake nikafunga geji ya kupimia msukumo wa hewa. Tukaingia kwenye mchanga mzito. Weris akakanyaga mafuta, na mshale wa geji ukapanda vizuri. Tabo ilikuwa hai. Nilicheka kwa sauti, naye akanitazama kama mwendawazimu.

Sasa nguvu imekwenda wapi? Magari haya ya kompyuta yana kidude kinaitwa sensa. Kinaonja msukumo wa hewa kupitia mpira mwembamba, kisha kinaiarifu kompyuta imwage dizeli kiasi gani. Sensa ikinyamaza, kompyuta inadhani hewa hakuna, inabana dizeli, na gari linalegea. Nikaunganisha mita ya umeme kwenye sensa na kumwambia Weris aendeshe tena. Hewa ilipanda, mita haikutikisika. Fundi mwenye haraka angesema sensa imekufa, tuagize Nairobi, tungoje. Ijumaa ingepita hivi hivi.

Mimi niliung'oa ule mpira mwembamba, nikaiunganisha sensa na pampu ya baiskeli, nikasukuma taratibu. Mita ikapanda. Sensa ilikuwa nzima kabisa, ila hewa haikuwa ikiifikia. Nikaupasua mpira kwa wembe. Ulikuwa umevimba na kulainika hadi tundu limeziba, na katikati mna mafuta ya njano yaliyoganda.

Weris akasogea, akanusa.

"Hiyo mafuta ya mkia ya kondoo," akasema, akinionyesha kwa kidole alivyoupaka mpira. "Mimi nabaka."

Akanieleza. Kwao kamba na mikanda ya ngozi hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo ili jua lisiipasue, mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Alipoona mipira ya injini inakauka, aliyayeyusha mafuta akaipaka yote. Ule mwembamba aliuchomoa, akautia mafuta mpaka ndani, akaurudisha mahali pake. Ngozi inayapenda mafuta yale. Mpira yanauharibu.

"Mimi naua gari ya bwana yangu," akasema, na macho yakamlowa.

"Hujaua kitu, abaayo. Umelipenda kupita kiasi tu."

Nikaweka mpira mpya, nikaiosha ile mingine kwa sabuni, taa ya injini ikazimika na nguvu ikarudi. Nikamshauri Weris kwamba Hirsi asiambiwe. Tuseme joto liliuharibu mpira, basi. Akachukua ufunguo, akaondoka na gari lake.

Ijumaa aliingia sokoni kabla ya adhana ya adhuhuri, gari limesheheni na akina mama wa Sangailu wameketi kati ya madumu. Wazee walikuwepo, Hirsi pia, na mnunuzi wake kando. Mzee mmoja akaonja maziwa, akaonja tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mabichi kabisa.

Hirsi akanigeukia. "Sawa, imebona. Lakini nani aliharibu? Sema, fundi."

Nilifungua kinywa niseme joto. Weris akanitangulia.

"Mimi. Nabaka mafuta ya kondoo, sababu nataka gari ya ndugu yako ikae miaka mingi. Mimi nakosea na mikono yangu, ndani ya injini. Wewe mikono yako safi, Hirsi. Onyesha wazee."

Hirsi alivitazama viganja vyake kabla hajajizuia. Wazee wakaangua kicheko, na mnunuzi akaondoka bila kuaga. Nami nilisimama pale kifua mbele, kana kwamba Weris ni dada yangu wa tumbo moja.

Alimchotea Hirsi kikombe cha maziwa. Akakipokea, akanywa mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama safari ijayo atapata nafasi garini ya kwenda Sangailu kuangalia ngamia wake.

"Uliza hawa akina mama," Weris akamwambia. "Wao ndio nabakia watu kwa gari."