Mteja Aliyeniomba Nifute Mkono

Mteja aliingia dukani akaniomba nimfutie mkono kwenye picha.

Ule mkono ulikuwa wangu.

Msiniulize nilijuaje. Mkono wako unaujua. Pete yako unaijua, na alama ya pasi iliyokuunguza unaijua.

Lakini ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Bila kumfahamu mume wangu hamtaamini kwamba mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hiki na bado akajiona mjanja.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa picha na kutengeneza fremu. Mume wangu anauza matangi ya maji. Siku moja akaamka akaamua kwamba yeye ni mpiga picha.

Hakuna aliyemtuma. Aliangalia video mbili tatu mtandaoni, basi, akawa Mtaalamu. Na humu nitamwita hivyo hivyo, Mtaalamu, kwa sababu jina lake alipewa na mama yake kwa upendo, na mama yake simvunjii heshima.

Nyumbani tulikuwa na kamera yangu ndogo. Niliinunua kabla sijaolewa. Imekwaruzika, kifuniko cha betri nimekifunga kwa mpira, lakini inapiga picha na mtu anaonekana ni mtu.

Nikarudi kutoka kazini, haipo.

Mezani kuna dude jeusi, lenzi yake kubwa kama chupa ya chai. Na Mtaalamu amekaa pembeni yake anatabasamu kama yeye ndiye aliyelitengeneza.

"Kamera yangu iko wapi?"

"Ile nimeipeleka dukani, wakaipokea, nikaongezea kidogo, nikachukua hii."

"Umeuza kamera yangu?"

"Sijauza, mke wangu. Nimeiboresha."

Nyoo! Eti ameiboresha. Mtu anachukua kitu chako bila kuuliza, halafu anakutafutia neno zuri la kukunyamazisha.

"Ile ilikuwa na pikseli chache," akaendelea. "Pikseli unazijua lakini?"

Jamani. Mimi ndiye ninayechapa picha kutwa nzima, na huyu muuza matangi ananiuliza kama najua pikseli. Nikamwambia sijui, nieleze. Akaeleza mpaka chakula kikapoa, na nusu ya aliyoyasema hayakuwa kweli. Mimi nikala changu.

Kwa nini sikugombana naye? Kwa sababu tulikuwa na safari.

Ndoa yetu ilikuwa imepoa. Watoto hatujajaliwa. Mwenzangu alikuwa anarudi nyumbani na simu kaigeuza kifudifudi, ukimsemesha anaitika kama mtu wa mapokezi. Nilikuwa nampenda bado, siwafichi. Nikajiambia hii likizo, ya kwanza tangu tuoane, ndiyo itakayoturudisha. Nikasema acha apige picha zake, mradi tucheke pamoja tena.

Na tulikuwa tunaenda na mama mkwe. Yule mama tangu siku ya kwanza ananiita "mwanangu", na halisemi kwa adabu tu. Goti lake lilikuwa linamsumbua, akawa anasema anataka aone maporomoko ya maji kwa macho yake kabla miguu haijamgomea. Kwa hiyo safari ilikuwa yake vilevile.

Basi bwana, Mtaalamu akaanza kupanga.

Mimi nilidhani kupanga likizo ni kupanga mtalala wapi na mtakula nini. Kumbe mshamba mimi. Likizo ya Mtaalamu ilipangwa kwa picha. Asubuhi ziwani, jioni kilimani, siku inayofuata maporomoko. Mama wa watu anauliza huko kuna vyoo vya kukaa, mwanawe anamjibu habari za mwanga.

"Lazima tuwahi saa ya dhahabu," akasema.

"Ndiyo saa gani hiyo?" mama akauliza.

"Jua likiwa chini, mama. Rangi inakuwa nzuri."

"Si useme asubuhi."

Nikacheka peke yangu jikoni. Jua limekuwa likichomoza tangu enzi na enzi, leo limepata msemaji.

Halafu akaja kwenye mavazi. Yeye na mama wavae rangi ya maziwa. Mimi nivae kijani kibichi.

"Mbona mimi peke yangu?"

"Ili utokeze, mke wangu. Ni sanaa hiyo, huwezi kuelewa."

Kweli sikuelewa.

Tukaenda. Pazuri, siwezi kusema uongo. Hoteli ndogo inayoangalia ziwa, vyumba safi, upepo mwanana. Lakini hatukukaa hata siku moja tukatulia. Mtaalamu anatangulia na stendi yake ya miguu mitatu, kamera shingoni, begi la betri mgongoni, fulana ya mifuko mingi kama anakwenda vitani. Anatega kamera, anakimbia kuja kusimama, anabonyeza simu, kamera inapiga. Anarudi kuangalia. Hajaridhika. Anakimbia tena. Wageni wengine wakawa wanamwangalia yeye badala ya ziwa.

Na kila picha tulisimama vilevile. Yeye, mama, halafu mimi mwisho.

"Sogea kidogo mke wangu. Kidogo tena. Hapo hapo."

"Mbona nakuwa mbali hivi?"

"Lenzi hii ni pana, inataka nafasi."

Mwongo mkubwa. Lenzi pana inamvuta mtu wa pembeni mpaka anakuwa mnene kuliko alivyo. Wateja kila siku wananilalamikia kwa hilo. Nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu asiyejua anayemhurumia anayejua.

Pale maporomoko ndipo mambo yalipomharibikia, ingawa wakati ule sikujua. Mawe yalikuwa yanateleza. Mama akayumba. Nikamkumbatia, mkono wangu ukapita mgongoni mwake ukashika bega lake la upande wa pili.

"Toa mkono," Mtaalamu akasema. "Unaharibu mpangilio."

"Nani atoe?" Mama alimjia juu. "Mwanangu ananishika nisianguke, wewe unasema mpangilio? Piga picha yako twende, kabla sijaingia majini na mpangilio wako!"

Akapiga. Ikatoka picha nzuri kuliko zote. Mama anacheka hasa, maji meupe nyuma yetu, jua limelala vizuri usoni.

Tuliporudi nyumbani, Mtaalamu akanipa kadi ya kumbukumbu nimhifadhie picha kwenye kompyuta ya dukani, kwa sababu ya kwake imejaa. Hapo ndipo mjue ninaposema mjinga namaanisha nini. Mtu kanunua kamera ya kuringia, hana hata pa kuweka picha zake.

Sasa turudi kwa yule mteja.

Binti mpole, amevaa kwa heshima, mwalimu wa shule ya awali. Nitamwita Mwalimu. Akaniamkia vizuri, akatoa simu.

"Dada, nataka hii iwe kubwa, ya kutundika sebuleni. Lakini kuna huu mkono hapa begani kwa mama. Mnaweza kuufuta?"

Nikaangalia.

Mtaalamu, katabasamu. Mama anacheka. Maporomoko nyuma. Na kwenye bega la mama, vidole vinne na pete, vinatokea nyuma ya mgongo wake, mwenyewe hayupo.

Nikashika kaunta. Nikajikaza.

"Picha nzuri," nikasema. "Ni ndugu zako?"

Akaona haya kidogo. "Ni mchumba wangu, na mama yake. Walikwenda likizo. Jumamosi wanakuja nyumbani kujitambulisha, nataka wazee wakifika waikute ukutani."

"Na huu mkono?"

"Aa, huo alisema ni wa dada wa kazi. Walikwenda naye amsaidie mama kutembea."

Dada wa kazi.

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kutukanwa barabarani, lakini hilo liliingia mpaka kwenye mifupa. Na kazi ya watu haina ubaya wowote, ubaya ni yeye kunifanya niwe mtu wa kukatwa. Kumbe kijani kibichi kilikuwa cha kunitenga na wenzangu. Kumbe "sogea kidogo mke wangu" ilikuwa nafasi ya mkasi. Siku zote zile nilipokuwa nikitabasamu nikiomba ndoa yangu irudi, mwenzangu alikuwa anapima pa kukatia.

Nikamtazama yule binti. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa ananiangalia kwa wasiwasi, eti labda mkono haufutiki.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii uliyo nayo imekatwa, tena ni ndogo. Ukiikuza hivi itavurugika, nyuso zitakuwa ukungu mtupu. Lakini picha yenyewe, ile nzima, ninayo."

"Unayo? Umeipata wapi?"

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikamgeuzia kioo.

Akaitazama. Akamwona mwanamke wa nguo ya kijani. Akaniangalia mimi. Akarudi kwenye kioo. Akaangalia mkono wangu juu ya kaunta.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

"Wewe ni... dada wa kazi?"

"Mimi ni mke wake."

Akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za pasipoti, akafunika uso kwa mikono miwili. Hakunitukana, hakubisha. Nikamletea maji. Tukakaa pale wanawake wawili wazima, tumepangwa na muuza matangi.

Alipopata sauti, akaniuliza swali moja. "Na mama yake? Kwenye simu ananiambia mama anasubiri kwa hamu kuniona."

Hapo ndipo nilipolia. Mume nilishampoteza, hilo nililijua pale pale kwenye kaunta. Lakini yule mama aliyeniita mwanangu, aliyeniegemea kwenye mawe, naye alikuwa anajua? Alikuwa ananichekea huku anaenda kumtafutia mwanawe mke mwingine? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza. Nikaogopa jibu.

Mwalimu ndiye aliyesema, "Njoo Jumamosi. Utamwona usoni."

Nikarudi nyumbani nikajitia hamnazo. Mtaalamu akanitangazia kwamba Jumamosi ana mkutano wa wauzaji, anaondoka mapema, na atampitia mama amsindikize kwa mteja mmoja mkubwa. Nikamwambia kazi njema. Nikampigia hata shati lake pasi, na sijawahi kunyoosha kola kwa dharau kama siku ile.

Jumamosi nikawahi mimi. Baba yake Mwalimu, mzee mkimya, alishaelezwa. Alinikaribisha kwa heshima, akaniketisha kwenye kochi linalotazama mlango.

Wakaingia. Mama mbele na fimbo yake, Mtaalamu nyuma, suti mpya, na shingoni, naapa, kamera. Kaja kujipiga picha za uchumba wake mwenyewe.

Mama aliniona kabla yake.

Uso wake nilikuwa nimeuogopa wiki nzima. Nikauangalia vizuri, sikupepesa.

"Mwanangu!" Akafungua mikono. "Kumbe na wewe uko hapa? Huyu kaniambia umebanwa na kazi dukani, nikamgombeza njia nzima, nikamwambia unakwendaje kwa watu bila mkeo!"

Akanikumbatia. Halafu akamgeukia mwenye nyumba, kwa ile furaha yake ya kila siku, akasema, "Mzee, samahani, nimesahau hata salamu. Huyu ni mkwe wangu, mke wa huyu kijana. Ndiye anayenitunza."

Mzee akamtazama Mtaalamu.

Jamani, kuna mizigo mtu anaitua, anajihisi anaelea. Hakujua! Mama hakujua lolote. Nililia begani kwake mbele ya watu, naye akawa ananipapasa mgongoni anauliza nani kafa.

Mwalimu ndiye aliyemweleza, taratibu, bila kumficha kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni anafungua na kufunga kifuniko cha lenzi.

"Ulimwambia huyu mtoto wa watu kwamba mke wako ni nani?"

Akaendelea na kifuniko chake.

"Nakuuliza wewe, mpiga picha."

"Mama, mambo haya ni magumu, nitakueleza nyumbani..."

"Nyumbani kwa nani?"

Yule aliyenieleza pikseli mpaka chakula kikapoa, siku ile hakupata hata sentensi moja ya kusimama nayo. Akamwangalia baba yake Mwalimu kama atamwonea huruma. Mzee akanyoosha mkono akamfungulia mlango. Alitoka na suti yake, na mkanda wa kamera ukanasa kwenye kitasa. Ikabidi ajinasue mwenyewe, hakuna aliyenyanyuka.

Mimi na mama tuliondoka baadaye, tumeshanywa chai ya watu na kuomba radhi kwa makosa yasiyo yetu. Mwalimu akatusindikiza mpaka nje. Mpaka leo tunasalimiana.

Ndoa ilikwisha. Mtaalamu nasikia siku hizi anaandika mtandaoni, eti msanii haeleweki na watu wa karibu. Tumemwelewa vizuri sana.

Na mama? Alifungasha nguo zake wiki ile ile. Ndugu wakamwambia huwezi kuhamia kwa mkwe aliyeachana na mwanao, watu watasema nini. Akawajibu kwamba yeye hakuachana na mtu. Sasa hivi ninapoandika haya yuko chumba cha pili, ananiita nikamsugulie goti.

Ninachowaambia ni hiki. Mtu akianza kukuficha, usihangaike kujitafuta kasoro, usibadilishe nguo wala tabasamu. Si kwamba anakuonea aibu, ana mpango wake. Watu wako ni wale wanaokutaja mbele za wageni bila kuombwa, na wakati mwingine ni mmoja tu, tena ana fimbo.

Ngoja niende, ananiita tena.