Mnyoo wa Pembe Mbili

Miaka ile ya Wabelgiji nilikuwa katika hospitali ndogo ya Kasongo, kazi yangu kuchungulia damu za watu kwa mikroskopi, kutafuta vijidudu vya malale, ugonjwa wa usingizi. Munganga wetu, Mbelgiji mmoja mrefu, alikuwa na mapenzi yake mengine: minyoo wa bahari. Kasongo, kama kila mtu ajuavyo, haina bahari. Kuifikia ni majuma ya meli ya mto, gari la moshi na subira. Lakini rafiki zake wa Ulaya walimtumia minyoo ndani ya chupa za spiriti, na sisi tuliokosa chupa za kutilia dawa tuliwapokea kwa heshima kubwa.

Alasiri, damu zikiisha, aliniweka mezani nichore. Nilijifunza kwamba mnyoo wa bahari, yule mwenye nywele, hatambuliki kwa rangi, maana spiriti hula rangi. Unahesabu. Kichwani, macho mangapi, na pembe laini za kupapasia ngapi. Kooni, kama ana meno. Halafu kila pingili ina vijiguu viwili, huku na huku, na kila kijiguu kina kishungi cha nywele ngumu, nyingine zimenyooka, nyingine zina kiungo kama kidole. Bwana administratere, mkuu wa wilaya, alitupanga sisi watu kwa makabila bila taabu hiyo yote. Aliuliza mara moja, akaandika.

Mke wangu, binti wa Kabambare, alitaka kujua mambo mawili tu.

"Hawa wadudu wanakuliwa?"

"Hapana."

"Wanaleta ugonjwa?"

"Hapana."

"Basi mugonjwa iko munganga mwenyewe," akasema, akaendelea kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Siku moja munganga akaniita, uso umemwiva kwa furaha. Amepata mnyoo ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwandika: pembe mbili tu kichwani. Atampa jina la mama mkwe wake, heshima ambayo sijui kama mama huyo aliiomba. Nikainama kwenye mikroskopi. Katikati ya zile pembe palikuwa na kovu la mviringo.

"Bwana munganga, hapa kati iko alama. Ya tatu ilikatika."

"Wewe ulishaona bahari?"

"Hapana, Bwana."

"Basi chora mbili."

Nikachora mbili. Na kovu nikalichora, dogo, mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutoacha kitu. Akafunga bahasha bila kuangalia.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Alilisoma amesimama. Wataalamu wa Ulaya walisifu mchoro: umeonyesha wazi shina la pembe ya tatu. Kwa hiyo mnyoo huyu ni yule yule wa zamani, anayejulikana na kila mwanafunzi wao. Maneno yaliyoambatana na mchoro hawakuyasifu.

Akanigeukia, barua mkononi. Mimi nilikwisha kujiona njiani kwenda Wamaza, kule mbali wanakopelekwa wenye makosa, kwa miguu, na sanduku la chanjo kichwani.

"Ulichora kovu."

"Ndiyo, Bwana. Lilikuwako."

Akakunja barua. "Mama mkwe nilikwisha kumwandikia," akasema polepole, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia, kidogo.

Wamaza sikupelekwa. Kesho yake alitoa mnyoo mwingine, akasogeza mikroskopi upande wangu.

"Unaona pembe ngapi?"

"Nne."

Akaandika nne. Jina langu hakuliandika popote, lakini hakunibishia tena.