Mama Simu na Swali Lake Moja

Dada mkubwa wa mama yangu alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha simu cha hospitali, akiunganisha watu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Simu. Alipostaafu tukampa uenyekiti wa chama chetu cha wachangia damu, na kusema kweli tulitaka tu awe mtu wa kukaa katikati kwenye picha.

Chama kina tovuti. Hospitali ikiishiwa damu ya kundi fulani, muuguzi hufungua orodha yetu akapata namba za wachangiaji walio karibu. Lakini kampuni iliyotuhifadhia tovuti hiyo ilikuwa ikizimika bila kuaga. Mara mbili mwaka ule muuguzi alikuta ukurasa mweupe. Mimi, katibu, nilikosa raha kuliko wote: mke wangu ana damu ya O hasi, ambayo haipatikani ovyo, na alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikapeleka majina ya kampuni tano kwenye kikao. Chaguo langu nilikuwa nalo tayari, ile yenye jengo la vioo. Mama Simu akavaa miwani, akasoma, akavua.

"Namba zao za simu ziko wapi?"

"Mama Mkubwa, siku hizi mambo haya hayaamuliwi kwa simu. Tunaangalia kasi, tunaangalia nafasi."

"Wewe angalia kasi. Mimi nipe simu."

Wajumbe wakacheka, mimi ndiye niliyecheka zaidi. Akapiga palepale, sote tukisikia, na kila kampuni aliiuliza swali moja: "Mwanangu, mara ya mwisho mlizimika lini?"

Ya kwanza ikasema haijawahi. Ya pili ikasema kwao hilo haliwezekani. Ile yangu ya vioo ilimsikilizisha muziki dakika tisa, kisha kijana mmoja akajipiga kifua: "Sisi hatuzimiki, mama." Ya nne haikupokea. Ya tano ilikuwa kampuni ndogo niliyoiweka kujaza karatasi. Akapokea dada mmoja.

"Jumatano iliyopita, mama. Dakika kumi na saba. Waya wa umeme uliungua na mashine ya akiba ikachelewa kuwaka. Tumeshaibadilisha."

"Wateja waliambiwa na nani?"

"Na mimi. Niliwapigia mmoja mmoja."

Mama Simu akaweka simu mezani. "Hawa."

"Lakini wamekiri wenyewe kwamba wanazimika!"

"Wote wanazimika. Nimeishi na laini zinazokatika tangu hujazaliwa. Anayejua ilikatika saa ngapi ndiye aliyekuwa akiiangalia."

Nilikasirika. Nilimwambia mbele ya watu kwamba tunakabidhi roho za wagonjwa kwa masikio ya bibi kizee. Tovuti niliihamisha, ila kwa shingo upande.

Wiki ya saba baada ya kuhama, mke wangu alijifungua, na damu ikawa haikatiki. Saa nne asubuhi daktari alitoka akisema O hasi imekwisha. Nilikuwa nimesimama ukutani, simu ikalia. Ni yule dada.

"Katibu, mashine iliyobeba tovuti yenu imekufa sasa hivi. Tumeihamishia kwenye ya akiba, imechukua dakika mbili. Nimeona nikwambie kabla hujaulizwa."

Nikakimbilia meza ya muuguzi. Orodha ilikuwa wazi mbele yake, na alikuwa akizungumza na mchangiaji wa pili. Kabla ya adhuhuri walifika watatu: dereva wa lori, mwalimu wa hesabu na mama mmoja muuza viatu, bado kashika kiatu kimoja mkononi.

Mama Simu alinikuta wodini. Mke wangu amelala, anapumua vizuri, binti yetu ubavuni. Nikamwomba radhi. Nilitaka kupiga magoti kabisa.

"Mimi niache," akasema. "Mpigie yule dada. Watu wa simu hupigiwa kugombezwa tu."

Nikatoka koridoni, nikapiga. Alipopokea, nikalia kwa kwikwi mbele ya wapita njia.

"Niko hapa, katibu," alisema, na hakukata mpaka nikamaliza.